Walitoa pampu nzima, kelele wakaniachia

Nyota mbili kati ya tano, kwa gereji moja ya Kampala ambayo sitaitaja jina. Kwa macho ni mahali pazuri: sakafu ya simenti, mashine ya kunyanyulia magari, viti vya wateja, televisheni ukutani. Ukiingia unajiambia hapa nimefika kwa watu wa kazi. Watu hao hao walishindwa kuuona mpira wa mafuta uliozeeka, na walishindwa kwa sababu hawakutaka kumsikiliza mwenye gari.

Gari langu ni Prado ya miaka ya 90, limeshavuka kilomita 300,000. Asitokee mtu kuniambia niliuze. Tangu sheria ya 2018 ilipokataza kuingiza nchini magari yenye miaka 15 au zaidi, sisi wenye magari haya tunayatunza. Nafanya biashara ya vitenge kati ya Bombo na Arua, na gari hili limenivusha Karuma na Pakwach kiangazi na masika likiwa limejaa mabelo mpaka juu. Gari silaumu hata kidogo. Nalaumu watu.

Kelele zilianza taratibu, majira ya mvua. Asubuhi nikiwasha na kukata usukani ili nitoke getini, upande wa mbele ulikuwa ukilia kwa sauti nzito, kama ndama aliyetengwa na mama yake. Ukikanyaga mafuta sauti inapanda, ukiachia inashuka. Injini ikishapata joto inapungua, lakini haiishi. Usukani nao ukaanza kubadilika mkononi, mara mwepesi, mara mzito, ndani ya kona moja. Nikafungua kifuniko cha kopo la mafuta ya pawa steringi, yale yanayosukumwa na pampu kulainisha usukani. Mafuta yale huwa mekundu na yanaonekana mpaka chini. Yangu yalikuwa yamepauka, yamejaa vipovu vidogo vidogo. Aliyekaa na gari la zamani anajua kwamba povu ni hewa, na hewa haijiumbi ndani ya kopo, ina mahali inapopenyea.

Hayo yote niliyaeleza pale gereji, moja baada ya jingine, bila haraka.

Mkuu wa mafundi akafungua boneti, akaamuru gari liwashwe, akasikiliza kidogo sana. "Pampu imekufa," akasema. Nikamwonyesha kopo. "Ssebo (bwana), tazama hili povu. Hewa inaingia mahali. Mipira mmeiangalia?" Akashusha boneti. Mkono wangu ulikuwa bado karibu na ukingo, nikauvuta haraka usibanwe. Akaniambia, "Nnyabo (bibie), kaa pale, kuna televisheni, watakuletea soda. Mambo ya boneti tuachie sisi."

Halafu akamgeukia mtoto wa dada yangu.

Kijana huyo amemaliza Senior Four (kidato cha nne) juzi tu. Leseni hana, na nilikwenda naye anisaidie mizigo. Fundi akamshika bega, akamwelezea pampu inavyozungushwa na mkanda wa injini, vibamba vya ndani vinavyolika, bei ya pampu iliyotumika, muda wa kuifunga. Yote anamwambia mtoto. Mtoto, Mungu ambariki, akamjibu, "Gari ni la mama mdogo, mwambie yeye." Fundi akacheka, akaendelea kuzungumza naye. Kadi ya gari ina jina langu. Mafuta naweka mimi, barabara naijua mimi, kelele nimezisikia mimi kila asubuhi, na mtu anazieleza kwa asiyezisikia hata siku moja!

Pesa zimeniuma, nitazifikia. Lakini usiku nikilala, ninachokiona ni ile boneti ikishuka huku bado nazungumza.

Nililipa shilingi 450,000 za pampu, 80,000 za kazi, na 50,000 zilizoandikwa kwenye risiti "uchunguzi". Nikadai pampu yangu ya zamani nipewe mkononi. Walitazamana, lakini walinipa, tena wameifunga kwenye mfuko, na kwa hilo nawashukuru. Nikarudi Bombo gari likiwa kimya. Kesho yake asubuhi, getini, sauti ile ile. Bila shaka jana yake lilinyamaza kwa sababu injini ilikuwa ya moto na kopo limejazwa mpaka kwenye alama. Ugonjwa haukuguswa.

Niliporudi kwao hakuna aliyetazama mafuta. Safari hii ikawa ni steringi reki, yaani mtambo unaogeuza magurudumu ukikata usukani, shilingi 1,900,000. "Nnyabo, haya magari ya zamani, ukitengeneza hapa, linaharibika pale." Sikatai, magari haya yana yake. Boljointi zinachoka, bushi zinakwisha, na njia ya kutoka Matugga kwenda mjini haina huruma na miguu ya gari. Lakini alitumia ukweli huo kujifichia. Reki mbovu haiombolezi kufuata mwendo wa injini. Reki iliyochoka utaiona inalowanisha ile mipira ya vumbi ya pembeni, utausikia usukani unacheza, utasikia inagonga kwenye mashimo. Langu halikuwa na lolote kati ya hayo. Nikamuuliza alama gani ya reki ameiona. Akajibu, "Uzoefu." Nikachukua funguo zangu.

Nikaenda soko la vipuri la Kisekka na ile pampu yangu ya zamani ndani ya mfuko, kwa muuzaji ninayenunua kwake vipuri tangu zamani. Hakuiwasha wala kuifungua. Aliushika mhimili wake kwa vidole, akauzungusha pole pole, akausukuma huku na huku kuona kama unacheza, akachungulia sili. Kisha akanitazama. "Hajjati, nani alikwambia hii imekufa?" Akataka kuinunua pale pale. Muuza pampu, ambaye angepata faida kwa kuniambia ni mbovu nikanunua nyingine, ndiye aliyeniambia ukweli. Sijui niandike nini zaidi ya hapo.

Sasa hebu niseme jambo linalonifanya nisitoe nyota moja. Nikiwa naondoka pale gereji, kijana mmoja wa chini kabisa, wale wanaoosha vipuri kwa petroli, alinisogelea akijifanya ananifungulia geti. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ule mpira wa kutoka kwenye kopo umekuwa mgumu. Nimeushika." Akarudi kwenye ndoo yake. Kwa hiyo ndani ya gereji ile ujuzi upo, ila anao mtu asiyeruhusiwa kusema. Kwa ajili yake ningeweza hata kupandisha kufika tatu.

Nikaenda kwa mzee mmoja Kawempe, anafanyia kazi chini ya mfenesi, vifaa vyake vyote vinaenea kwenye sanduku moja la mbao. Jambo la kwanza alilofanya ni kuniuliza mimi. "Mwanangu, linalia zaidi asubuhi au likishapata joto? Likisimama au likitembea? Kushoto na kulia ni sawa?" Nikajibu yote, na kila jibu alilitikisia kichwa. Nusura nilie, na si mtu wa kulia.

Akamwagia maji kidogo kwenye mkanda. Mlio haukubadilika, akasema mkanda tuuache. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mwili wa pampu, mbali na feni, mpini akauweka sikioni. Akasema vyuma havisagani, hiyo ni sauti ya pampu inayomeza hewa. Halafu akafanya jambo ambalo nataka kila mwenye gari la namna hii alijue. Akapaka grisi kuzunguka pale mpira mnene unapoingia kwenye pampu, ule unaoshusha mafuta kutoka kwenye kopo. Tukasubiri kidogo, injini ikiwa inawaka. Sauti ikapungua! Akaifuta grisi, sauti ikarudi.

Akanieleza kwamba mpira ule ni wa kunyonya. Ule mwingine mwembamba wenye nguvu ukipasuka, utayaona mafuta yamerukia kila mahali. Huu wa kunyonya ukikakamaa na kibanio chake kikalegea, pampu inavuta hewa kwenda ndani, na nje huoni kitu. Ndiyo maana chini ya gari langu hapakuwa hata na tone, ila unyevu kidogo tu kwenye maungio. Asubuhi mpira ni baridi na mgumu zaidi, mafuta nayo ni mazito, hewa inapita. Ukipata joto unalainika, unashika kidogo. Na povu halilainishi vyuma, kwa hiyo ukiliacha, pampu nzima inageuka mbovu kweli, hata uliyoinunua jana.

Akabadilisha mpira, akaweka vibanio viwili vipya, akaosha kopo na kile kichujio chake cha chini kilichokuwa na matope. Pampu yangu ya asili nikamwomba airudishe mahali pake. Akanyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, injini imezimwa, akaniweka mimi kwenye usukani nizungushe taratibu kutoka mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, tena na tena, yeye akiongeza mafuta mekundu ya ATF, mpaka vipovu vikaacha kupanda. Ndipo akaniruhusu niwashe, nirudie, na akanionya nisiushikilie usukani kwenye kikomo, maana pale pampu inabanwa na kupata moto. Jumla ya vitu na kazi ilikuwa shilingi 165,000. Asubuhi iliyofuata nilikata kona getini na sikusikia kitu. Nimekwenda Arua nikarudi, kimya.

Nimeandika mpaka hapa, nikaona ni haki niwape nafasi. Nikawapigia simu wale wa gereji, kwa adabu, nikaomba warudishe walau zile 50,000 za uchunguzi, maana hapakuwa na uchunguzi. Akapokea yule yule mkuu wa mafundi. Nikajitambulisha, nikaeleza mpira ulivyokutwa. Akanisikiliza kidogo, kisha akasema, "Sawa nnyabo, basi mpe simu yule kijana wako, tuzungumze naye."

Nafuta nyota zote mbili. Nafuta na ile ya tatu niliyokuwa naifikiria. Yule kijana wa kuosha vipuri namwombea apate kazi kwingine, na kama mzee wa Kawempe atanikubalia, nitampeleka kwake mwenyewe.

Na hizo 50,000 sizitaki tena peke yake, nazitaka zote 580,000. Pampu yao ipo kwenye boksi nyumbani Bombo, haijaguswa tangu ilipotolewa. Waje waichukue, na atakayezileta pesa anikabidhi mimi mkononi.