Nimebadilisha mazabodi bila kupiga Windows upya

Kompyuta ya duka langu la stesheni (kuchapa na kuuza vifaa vya ofisi) Tabata ilizimika Ijumaa mchana, nikiwa katikati ya kuchapa kazi ya mteja. Ukiiwasha, feni inazunguka sekunde mbili, kisha kimya. Fundi wa kwanza akapima pawa saplai, nzima. Akasema mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vifaa vyote vya ndani, imekufa, na nikiweka nyingine lazima nipige Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka tangu mwanzo. Nilinyong'onyea. Humo kuna programu ya mauzo yenye madeni ya wateja ya miaka 3, na kijana aliyeniwekea alishahama mji.

Nikaibeba hadi kwa fundi mwingine, Kariakoo. "Dada, Windows 10 siyo XP. Hii ikikuta mazabodi ngeni inajitafutia draiva, zile programu ndogo za kuendesha vifaa. Tujaribu kwanza, kufuta kupo tu." Nikakubali kwa sharti moja: anakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje kabla ya kugusa chochote. Alitaka kuruka hatua hiyo ili kuokoa muda, nikamkatalia katakata. Na wewe usikubali.

Alipata mazabodi iliyotumika ya soketi (tundu la prosesa) ileile ya 1150, ila chipuseti, chipu kuu ya bodi, ni B85 badala ya H81 yangu, kwa hiyo prosesa na RAM zangu za DDR3 zikahamia bila kununua kingine. Kuwasha tu, skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, yaani Windows haiifikii diski yake. Nikajua basi tena. Yeye akaingia kwenye bayosi, mipangilio ya mazabodi yenyewe, na kunionyesha kwa kidole: SATA, njia ya kuunganisha diski, imewekwa mtindo wa IDE, wakati Windows yangu ilizoea mtindo wa AHCI. Akabadilisha, akawasha. Vidoti vikaanza kuzunguka, asilimia za kuandaa vifaa zikapanda taratibu, nami nimeshikilia kiti. Mara picha ya wanangu hiyo hapo kwenye skrini, na kila ikoni mahali pake!

Intaneti haikushika hadi alipoleta draiva ya kadi ya mtandao kwa flashi. Kisha Windows ikadai haijaamilishwa. Leseni yangu niliinunua mwenyewe na ilishaunganishwa na akaunti yangu ya Microsoft, hivyo niliingia kwenye mipangilio ya uamilishaji, nikaeleza kwamba nimebadilisha kifaa, ikakubali. Leseni iliyokuja na mashine kutoka kiwandani hufungwa kwenye mazabodi ileile, hiyo usiitegemee. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya usalama ya Windows, tafuta mapema ufunguo wake wa tarakimu 48, maana utaulizwa.

Nimelipa Sh 140,000, mazabodi pamoja na ufundi, na garantii ya mwezi mmoja kwa maandishi. Kasoro yake: alisahau kuunganisha tundu za USB za mbele, nikalazimika kurudi kesho yake na nauli yangu. Hata hivyo nitampelekea tena kazi, maana alinisikiliza nilipomwambia kilichomo humo ndani ni nini.

Jumatatu asubuhi nilifungua programu ya mauzo. Deni la mwalimu wa mtaani kwetu lilikuwa palepale, Sh 12,500, na mchana alikuja kulilipa.