Soksi za matairi: kwenye sakitu ya Kitulo ndiyo, kwenye tope la masika hapana

Mwezi Machi, masika yakiwa yamekolea, niliingia katika duka moja la vipuri mjini Mbeya kutafuta minyororo ya matairi kwa ajili ya Probox yangu, ambayo kila baada ya wiki mbili hunipeleka Makete kufuata viazi. Minyororo ya ukubwa wangu haikuwepo. Badala yake muuzaji alitoa mfuko mdogo wenye maandishi ya Kijapani, akakunjua kitambaa cheupe chenye mpira wa kubana pembeni, mfano wa kofia ya kuogea ya jitu, akaniambia, "Kaka, hii ndiyo dawa ya tope. Unaivalisha tairi, unaondoka." Nilinunua mbili. Nimezitumia tangu wakati huo hadi Julai, na ni haki niseme mapema kwamba bidhaa yenyewe si ya hovyo. Cha hovyo ni maneno niliyouziwa nayo.

Vifuniko hivi vya kitambaa, ambavyo huko vinakotumika sana watu huviita soksi za matairi, vilianzia Norwei katika miaka ya 1990. Vimefumwa kwa nyuzi imara za poliesta, na kazi yake ni kumsaidia dereva wa gari dogo avuke kipande cha barabara chenye theluji au barafu bila kuhangaika na minyororo ya chuma. Wenzetu hawavichukulii kama kichekesho. Nchini Ufaransa, tangu Novemba 2021, gari linalopita katika maeneo ya milima yaliyotajwa kisheria, kati ya tarehe 1 Novemba na tarehe 31 Machi, linatakiwa ama kufungwa matairi ya majira ya baridi ama kubeba minyororo au soksi za namna hii zinazotosha angalau magurudumu mawili yanayovuta gari. Wajapani nao huziuza kama minyororo ya nguo, na ninadhani ndiyo njia iliyozifikisha kwetu, ndani ya buti la gari lililotumika.

Uvalishaji wake hauhitaji jeki, na hapa sina lawama hata moja. Unaanza juu ya tairi, unavuta kitambaa kishuke pande zote mbili mpaka karibu na ardhi, unaingia ndani na kusogeza gari nusu mzunguko, kisha unashuka kumalizia sehemu iliyokuwa imekaliwa na tairi. Kitambaa kikikaa upande hujiweka sawa chenyewe gari linapoanza kutembea. Mara ya kwanza nilitumia takriban dakika kumi kwa magurudumu yote mawili, mara ya pili nusu ya hapo, na mtu aliyewahi kufunga minyororo kwenye mvua huku vidole vimekufa ganzi ataelewa kwa nini jambo hili nalisifu. Jambo la kukumbuka ni kwamba soksi huvalishwa magurudumu yanayovuta. Probox yangu huvuta kwa magurudumu ya mbele; gari linalosukumwa kwa magurudumu ya nyuma litavalishwa nyuma.

Nilizijaribu kwa mara ya kwanza wiki ileile, katika barabara ya kupanda kutoka Isyonje kuelekea tambarare la Kitulo, kwenye kipande ambacho hakikuwa na lami. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na udongo mweusi umelainika kama uji. Mbele yangu Fuso la viazi lilikuwa limekwama, limeegemea ukingo, na utingo wake, aliyekuwa akichimbua tope nyuma ya gurudumu, aliacha jembe akaja kunitazama nikiwa nimepiga magoti. "Kamwene, mzee," alinisalimu, kisha akauliza kwa adabu kubwa, "Gari linasikia baridi?"

Niliingiza gia ya kwanza. Kwa urefu wa kama hatua kumi gari lilipanda vizuri kuliko nilivyotarajia, nikaanza kutunga moyoni jibu la kumpa yule kijana. Halafu usukani ukawa mwepesi, magurudumu yakazunguka bila kwenda popote, na gari likarudi kinyumenyume mpaka kwenye mtaro. Nilipochungulia chini, kitambaa hakikuonekana tena: kila gurudumu lilikuwa limekandikwa tope laini pande zote, linang'aa kama chungu ambacho hakijachomwa. Utingo na wenzake wawili walinisukuma, nami nikawalipa bila kubishana bei.

Sababu ya kushindwa huko si siri, na muuzaji yeyote angeweza kuifikiria kabla ya kuahidi dawa. Theluji na barafu huteleza kwa sababu ya utando mwembamba wa maji unaokaa kati yake na tairi. Kitambaa chenye nyuzi nyingi huunyonya utando huo, na nyuzi zenyewe hushika uso wa theluji, hivyo tairi hupata kitu cha kukamata. Tope la mfinyanzi haliko hivyo. Chembe zake ni ndogo mno, huingia katika kila kitundu cha kitambaa na kukiziba, na baada ya mizunguko michache unachoendeshea ni kipande cha tope juu ya tope. Tena kuna hasara ya pili ambayo sikuwa nimeiwaza: soksi inafunika meno ya tairi. Tairi zuri la tope lina meno makubwa yaliyoachana, ambayo huchimba na, likizunguka, hulitupa tope nje ili yachimbe tena. Ukiyafunga kwa nguo umeyanyima kazi yake, kwa hiyo tairi tupu linaweza kufanya vizuri zaidi kuliko lililovalishwa. Kuzifua kulinichukua beseni tatu za maji, na weupe haukurudi.

Ningekuwa nimezitupa, lakini mwezi Julai nililala Kitulo, na yeyote anayelijua tambarare lile, lililo zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, anajua asubuhi za huko zilivyo katika kipupwe. Kulipopambazuka nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda, na gari, nililoliegesha usiku chini ya mwinuko mfupi wa majani, lilikataa kupanda. Matairi yalikuwa yakizunguka taratibu, yanachora mistari ya kijani kwenye weupe ule. Nikazivalisha soksi. Gari lilipanda kwa mkupuo mmoja, bila kelele na bila mimi kukanyaga mafuta kwa nguvu, na nilipoteremka kuangalia niliona alama za nyuzi za kitambaa zimechapwa juu ya sakitu, safi kabisa. Hapo ndipo nilipoamini kwamba chombo hiki kinajua kazi yake. Tatizo ni kwamba kazi hiyo kwetu ni ya saa mbili tu: jua lilipochomoza vizuri sakitu iliyeyuka, na mwinuko uleule ungepandwa na gari lolote.

Kilichofuata ni kosa langu mwenyewe. Kwenye mfuko kuna mchoro unaoonya usizidi kilomita 50 kwa saa, na mwingine unaoonyesha kwamba soksi zivuliwe mara gari linapofika kwenye barabara kavu. Nilikuwa na haraka, nikaendelea nazo juu ya changarawe kwa takriban kilomita mbili, mpaka niliposikia kitu kinapiga bodi kwa ndani. Ya kushoto ilikuwa imechanika kutoka ukingo hadi ukingo. Theluji haiitafuni nguo. Changarawe na lami kavu huitafuna upesi sana, na barabara zetu nyingi za milimani ni changarawe yenye tope juu yake.

Kwa hiyo, mtu wa Njombe, Makete au Rungwe anayetafuta msaada wa masika asinunue bidhaa hii, hata akipunguziwa bei. Atafute minyororo inayolingana na namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lake, ama aweke matairi yenye meno, na abebe koleo na kamba. Ninayemshauri anunue ni yule anayesafiri na kuendesha gari katika nchi za theluji. Dukani nilirudi, si kudai fedha, bali kumweleza muuzaji nilichokiona, na alinisikiliza kwa upole. Wiki iliyofuata nilipopita, mfuko mwingine ulikuwa bado unaning'inia mlangoni, umebandikwa karatasi yenye maneno "za tope".

Minyororo niliipata mwezi Agosti. Soksi ya kulia, iliyosalia nzima, naitandika chini ya magoti ninapoifunga.