Midoli ya mbao ya Channapatna: nilichonunua, ilivyodumu, na cha kuangalia kabla hujatoa pesa

Kwa anayetaka jibu la haraka: nunua. Midoli ya mbao inayokerezwa, yaani kuchongwa ikizunguka kwenye mashine, kule Channapatna, mji mdogo wa jimbo la Karnataka kusini mwa India, ndiyo zawadi bora niliyowahi kumpelekea mtoto, na nasema hivyo baada ya kuiona ikitafunwa, ikirushwa sakafuni, ikikanyagwa na kuachwa barazani usiku kucha. Ila nunua ukiwa unajua unachokitafuta, maana siku hizi karibu kila mdoli wa mbao wenye rangi kali unauzwa kwa jina la Channapatna, na kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni tofauti kati ya halisi na ya kuigiza si jambo dogo.

Nilisoma Bengaluru, mji mkuu wa Karnataka. Waliofika wanajua tulivyo wengi pale watu wa kwetu, wengine vyuoni, wengine wameleta wagonjwa hospitalini, na kila anayerudi nyumbani anahangaika na zawadi. Wengi hubeba nguo na hina. Mimi nilikuwa na mpwa aliyeanza kuota meno kule Tanga, na dada yangu alikuwa ameshanionya: plastiki asiione nyumbani kwake. Rafiki wa darasani, mwenyeji wa Karnataka, akaniambia usihangaike madukani, twende inapotengenezwa.

Ni kama kilomita 60 kutoka Bengaluru kwenye njia ya kwenda Mysuru. Panda treni ya Mysuru inayosimama Channapatna, au basi linalopita barabara ya zamani. Nasisitiza ya zamani, kwa sababu barabara mpya ya mwendo kasi iliyozinduliwa Machi 2023 inaupita mji kwa pembeni. Dereva wa teksi atakwambia ndiyo ya haraka, na ni kweli, lakini utajikuta umefika mbele bila kuona duka hata moja. Maduka ya midoli yamepangana kando ya barabara ya zamani na yalikuwa yakiishi kwa abiria waliosimama kunyoosha miguu. Sasa abiria hao wanapita mbali. Ukienda, sema na dereva mapema.

Tukaingia uchochoroni, kwenye karakana ya chumba kimoja. Mafundi wengi wa pale ni Waislamu, nikaingia na salamu ya kwetu, "Asalaam alaikum, bhai," na kiti kikaletwa kabla sijasema shida yangu. Hapo ndipo nilipoelewa ninacholipia.

Mbao yenyewe wenyeji wanaiita aale mara, na wataalamu wa mimea Wrightia tinctoria. Ni laini, nyeupe inayokaribia pembe ya ndovu, na nyuzi zake zimeshikana, hivyo haimchomi mtoto vibanzi. Hukatwa vipande na kuachwa vikauke miezi, maana kikikerezwa kibichi hupasuka, ama palepale mashineni ama baadaye nyumbani kwa mteja. Fundi akabana kipande kwenye mashine, kikaanza kuzunguka, akasogeza patasi. Maganda membamba yakaruka, na katika muda wa kunywa nusu kikombe cha chai kile kipande kilikuwa na shingo, tumbo na kofia.

Sehemu iliyonishika zaidi ni rangi. Hakuna brashi wala kopo. Kuna vijiti vigumu vya lakiri, ule utomvu unaotolewa na wadudu wadogo sana wanaoishi kwenye matawi ya miti. Huyeyushwa, husafishwa, kisha hukandwa ikiwa ya moto pamoja na rangi mpaka ikolee. Rangi za asili ni vitu ambavyo mtu wa pwani anavijua vyote: manjano, nili, na kahawia inayotoka kwenye katu, ileile ya kwenye tambuu. Fundi anaushika mdoli ukiwa bado unazunguka, anaukandamizia kijiti, na joto la msuguano peke yake linaiyeyusha ile lakiri ikatambaa kwenye mbao kama samli juu ya chapati ya moto. Kisha akachukua jani kavu gumu la mti wa jamii ya mkadi, akalikunja na kulibana juu ya rangi. Jani ndilo linaloisambaza, linaifanya sawa kila mahali na kuing'arisha. Alipolitoa, mdoli ulikuwa unawaka, umekauka, na unashikika. Nikaushika. Ulikuwa na uvuguvugu.

Ndiyo maana rangi yake haibanduki kirahisi. Haikupakwa juu ikasubiriwa ikauke, imeyeyushiwa kwenye mbao kwa joto na mgandamizo. Kama kuna jambo moja la kubeba kutoka kwenye maelezo yangu, libebe hilo, kwa sababu ndilo linalotenganisha mdoli wa kumpa mtoto mchanga na pambo la kuweka kabatini.

Historia nimeisikia kwa vinywa vingi: kwamba Tipu Sultan, aliyetawala Mysore (jina la zamani la Mysuru) kuanzia 1782 hadi alipouawa 1799, ndiye aliyewaleta mafundi kutoka Uajemi kuwafundisha watu wa hapa, na kwamba baadaye mtu aitwaye Bavas Miyan alileta maarifa kutoka Japani na kuigeuza kazi hii ikawa ya midoli hasa. Ndivyo wenyewe wanavyosimulia. Kilicho muhimu kwa mnunuzi ni kwamba tangu 2005-06 jina hili lina ulinzi wa kisheria India, yaani bidhaa isiyotoka eneo hilo haina haki ya kulitumia. Sheria ipo. Kuisimamia sokoni ni habari nyingine.

Sasa nilichonunua. Kile cha kutikisa cha mtoto mchanga, mpini wenye pete tatu zisizotoka, ndicho kilichoshinda vyote. Mpwa wangu alikitafuna mpaka meno yote ya mbele yakaota. Mbao ina alama za meno mpaka leo, zinaonekana ukiisogeza kwenye mwanga, lakini ndani ya kila kijishimo rangi ipo palepale. Haikumenyuka hata chembe. Dada yangu, ambaye ni mkali kuliko mkaguzi yeyote, alikifuta kwa kitambaa cheupe chenye maji kabla ya kumpa mtoto, na kitambaa kikabaki cheupe.

Pete za kupanga kwenye mti nazo ni nzuri, ingawa mti wake ulikuja umebana kidogo na pete ya chini ilihitaji nguvu ya mtu mzima. Huenda ni hewa ya Tanga yenye unyevu, maana mbao hunywa unyevu na kuvimba. Baada ya muda ikalegea yenyewe.

Halafu kuna pia, zile za kuchezea zinazozunguka kwa ncha, nazo nazipenda mno. Ziko za kuzungusha kwa vidole na za kamba. Ile ndogo ya vidole inazunguka bila kutetereka, jambo ambalo haliwezekani kama aliyekereza hakupata katikati sawasawa. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wakija kuizungusha kwenye sinia. Kama una pesa ya kitu kimoja tu na mtoto wako ameshapita umri wa kumeza vitu, nunua pia ya kuzungusha.

Kigari cha kuvuta kwa kamba ndicho kilichoniangusha. Gurudumu moja lilitoka kwa sababu kijiti cha ekseli kilitiwa gundi haba. Shemeji alikirudisha kwa gundi ya mbao na kimekaa, lakini kijiti kile kilikuwa na ukubwa wa kumkaba mtoto. Kagua kila kilichounganishwa kabla hujatoka dukani: vuta, tikisa, zungusha. Kanuni yangu kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu ni kitu kilichokerezwa kikawa kipande kimoja, au chenye pete kubwa zisizoweza kutoka. Wanyama wenye masikio ya kubandika na seti za jikoni zenye vikombe vidogo ni za wakubwa.

Bei? Vile vidogo, vya kutikisa na zile pia za kuzungusha, vilikuwa ndani ya mia chache za rupia. Pete za kupanga na kigari vilizidi hapo, na farasi wa kubembea ni maelfu. Kwenye duka la serikali la Cauvery, barabara ya MG pale Bengaluru, bei zimeandikwa na hakuna kupatana. Nimenunua pale pia na ubora ulikuwa wa kuaminika, kwa hiyo mwenye mgonjwa asiyeweza kusafiri mpaka Channapatna asione taabu. Karakana ni nafuu kidogo, na hapo nawasihi wenzangu tusipige bei mpaka chini kama tuko mnadani. Kazi ile inalipa kidogo. Midoli ya plastiki ya kutoka nje imewabana kwa miaka, na vijana wengi wanaona afadhali ajira za viwandani, Bengaluru kwenyewe au Bidadi palipo na kiwanda cha Toyota, kuliko kurithi patasi ya baba. Niliona karakana ambako wanawake ndio wanaoshika mashine, na mmoja wao alikuwa akipanga rangi tano kwenye yai moja la mbao bila kupima kwa chochote isipokuwa jicho. Mtu kama huyo hastahili kuombwa apunguze rupia ishirini.

Na sasa ya kuigiza. Kabla ya safari ile nilikuwa nimenunua tembo kwenye duka moja la zawadi mjini Bengaluru, nikaapiwa kwamba ni Channapatna. Nilipomfuta kwa kitambaa kibichi, kitambaa kikawa chekundu. Fundi alipomwona alimgeuza tu, akanionyesha matone ya rangi yaliyogandia chini ya tumbo. Huyu kapakwa, akasema, tena kwa haraka. Kuanzia siku hiyo naangalia hivi. Kwanza chini na kwenye makutano: lakiri haiachi matone wala alama za brashi. Kisha mpaka kati ya rangi mbili, ambao kwenye kazi halisi umenyooka kuzunguka mdoli mzima, kwa kuwa uliwekwa ukiwa unazunguka. Halafu umbo: kazi ya kukereza huzaa vitu vya mviringo, kwa hiyo mdoli wenye kona kali umechongwa kwa njia nyingine na rangi yake huenda ni ya brashi. Macho na midomo ya midoli huchorwa kwa mkono hata kwenye kazi halisi, hilo lisikutishe, ila liulizie kama mtoto ni wa kutafuna. Na uliza rangi ni za asili au za kiwandani, maana zote zipo sokoni. Muuzaji mwaminifu anajibu bila kupepesa, na za asili huwa zimepoa kidogo, hazina ule ukali wa waridi wa dukani.

Utunzaji haujaandikwa kwenye boksi lolote nililopewa, nalo ni kosa la wauzaji. Lakiri inayeyuka kwenye spiriti. Nyumbani kwa dada, binti wa kazi aliyezoea kupangusa kila kitu kwa sanitaiza yenye spiriti aliipangusa na midoli, kwa nia njema kabisa. Asubuhi pete mbili zilikuwa zimepoteza mng'ao na zinanata vidoleni. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, kisha ukaushe. Usiiloweke kwenye beseni. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani wala dirishani panapopigwa na jua la mchana, maana lakiri hulainika kwa joto na mbao hupasuka. Kwenye begi ifunge mmoja mmoja kwa nguo. Yangu ilifika salama katikati ya mashuka.

Kati ya nyota tano natoa nne. Ile moja imekwenda kwa ekseli ya kigari na kukosekana kwa maelezo ya utunzaji.

Jambo la mwisho, ambalo wageni wengi hawalijui: wanapokea oda. Nilimwonyesha fundi picha ya kinu na mchi kwenye simu yangu, nikamweleza tunavyotwanga kisamvu. Akaitazama kwa muda, akauliza urefu, akachora kwa penseli kwenye kipande cha mbao. Kinu kilitoka na rangi ya katu, kikiwa na mkanda mmoja wa manjano mdomoni. Mchi aliufanya mnene kuliko wa kwenye picha na ncha zake zote mbili akaziviringisha, bila mimi kumwambia. Mwembamba vile, alisema, mtoto akianguka nao mdomoni utamchoma koo. Ukitaka kuagiza cha kwenu, beba mchoro wenye vipimo vya milimita, chagua umbo la mviringo, taja umri wa mtoto, na uwe tayari kutoa malipo ya awali. Uagize mapema pia, kabla ya juma la safari, kwa sababu mbao iliyokauka vizuri ikiisha karakanani, fundi mzuri atakwambia usubiri.