Njia ya zege kutoka getini hadi barazani: uzoefu wangu na fundi mwashi, Goba

Ninampendekeza fundi huyu, na nitaeleza kwa nini, pamoja na mambo mawili ambayo hayakunifurahisha. Kazi yenyewe ilikuwa njia ya zege nyumbani kwetu Goba, Dar es Salaam: urefu mita 18, upana mita 1.2, na kipande cha mwisho ni mteremko wa kupandia barazani badala ya ngazi. Baba alipata kiharusi na sasa anatumia kiti cha magurudumu. Masika yote magurudumu yalikuwa yanazama kwenye tope, na kila siku ya kliniki vijana wawili walimbeba mzee na kiti chake mpaka kwenye gari. Nilitaka njia ambayo kiti chake kitapita bila kubebwa, na kila fundi niliyemwita nilimwambia hivyo kabla hajataja bei.

Wa kwanza hakupima kitu. Alisimama getini, akaangalia, akasema mifuko minane ya saruji inatosha na ataanza kesho. Hesabu si ngumu, na naiweka hapa ili msomaji aitumie kwake. Mita 18 mara 1.2 mara unene wa sentimita 10, ambao mafundi wanauita inchi 4, ni zaidi kidogo ya mita mbili za ujazo. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo hula kama mifuko sita na nusu ya kilo 50. Mifuko minane ingetoa njia ya unene chini ya sentimita 6, au zege lenye saruji pungufu. Nilimshukuru, tukaagana.

Wa pili alikuwa kampuni ya ukandarasi iliyosajiliwa. Walikuja vizuri, walipima vizuri, lakini bei yao ilikuwa ya watu waliozoea kujenga maghala. Kwa kazi ndogo kama hii sidhani kama unahitaji mkandarasi mwenye daraja. Unahitaji mwashi anayeijua kazi, na uthibitisho wa kuijua.

Wa tatu ndiye niliyempa kazi. Ana cheti cha uashi cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, lakini kilichonishawishi si cheti. Nilimwomba anionyeshe njia aliyoimwaga ambayo imeshapitiwa na masika angalau mara mbili. Akanipeleka Madale kwenye nyumba ya mteja wake wa zamani. Niliangalia kingo, niliangalia maungio, nikamwuliza mama mwenye nyumba kama fundi alirudi alipoitwa. Alisema alirudi.

Alipokuja kwetu alimwamkia baba shikamoo, akapigilia vigingi vya mbao na kuvuta kamba, kisha akaomba ruhusa amsukume mzee mwenyewe kufuata zile kamba. Kwenye kona ya tangi la maji kiti kilikwama. "Dada, hapa tuongeze upana, la sivyo mzee atakwaruza vidole ukutani kila siku." Hakuna mwingine aliyekuwa ameiona kona ile.

Tulibishana kuhusu mteremko. Baraza liko juu ya usawa wa njia kwa sentimita 50, naye alikuwa amepanga mteremko wa mita 4 ili kuokoa kifusi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia baba alikuwa ametuambia kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu, yaani mita 6 kwetu. Sikuubishia ujuzi wa fundi. Nilimwomba tu alaze ubao kwa kipimo chake, amsukume baba juu yake. Alisukuma, akashuka, akasema, "Mita 6, dada." Nampenda fundi anayebadilisha mawazo namna hiyo bila kununa.

Tuliandika makubaliano kwenye karatasi moja: urefu, upana, unene, mchanganyiko, nani ananunua nini. Gharama ya ufundi ilikuwa shilingi 700,000, vifaa juu yangu. Nilitoa 200,000 kuanza, 200,000 baada ya kushindilia na kufunga mbao, 230,000 baada ya zege, na 70,000 tukakubaliana ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ya vuli. Hiyo ya mwisho aliipinga kidogo, na namwelewa, maana na yeye ana vibarua wa kulipa. Lakini njia inayokusanya maji huwezi kuijua wakati wa kiangazi.

Nilichojifunza kwa kumtazama ni kwamba kazi kubwa yote iko kabla ya zege. Alichimba udongo wa juu wenye mizizi akautoa wote, akamwaga moramu, yaani udongo wenye changarawe, akainyunyizia maji kidogo na kuishindilia kwa mashine ya kukodi. Kwenye mteremko alijaza tabaka kwa tabaka, kila moja kama sentimita 15, na hakukubali kuongeza jingine kabla la chini halijakaza. Mbao za pembeni alizipima kwa pima maji, akaziinamisha upande wa mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasirudi kwenye msingi. Mahali gari linapovuka njia karibu na geti aliongeza unene ukafika inchi 6 na kuweka wavu wa chuma. Kwa jumla tulitumia mifuko 16 ya saruji. Kokoto zilikuwa za machimbo ya Lugoba, saizi ya robo tatu ya inchi, na alikataa lori la kwanza kwa sababu lilijaa vumbi.

Zege hakulimwaga mfululizo. Aligawa njia vipande vya mita moja na nusu, akamwaga cha kwanza, akaruka cha pili, akamwaga cha tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Siku iliyofuata akajaza vilivyobaki. Zege husinyaa likikomaa, na lisipopewa mahali pa kuachana litapasuka linapotaka lenyewe. Pale njia inapogusa ukuta wa baraza aliweka ubao laini katikati ili kimoja kisisukume kingine.

Umaliziaji ndio uliotutofautisha na majirani wengi. Hapa kwetu watu hupenda niru, yaani uji wa saruji unaopakwa na kusuguliwa juu, uso unang'aa na picha inatoka nzuri. Nje, niru ikilowa inateleza, na mtu anayesukuma kiti kwenye mteremko hana pa kujishikiza. Tulichagua ufagio: alisubiri maji yaliyopanda juu yakauke yenyewe, akasawazisha kwa mwiko, kisha akapitisha ufagio mgumu kukatiza upana wa njia. Hakunyunyizia saruji kavu kuyafyonza yale maji. Alisema uso wa namna hiyo hubanduka. Pembeni mwa mteremko akainua kingo ndogo ili gurudumu lisichomoke.

Sasa malalamiko. La kwanza, moramu ya kujazia mteremko haikuwa kwenye makadirio yake, nikalazimika kuagiza gari dogo la pili kwa shilingi 120,000 ambazo sikuzipanga. Mtu aliyepima kwa makini vile hakupaswa kusahau. La pili ni zito zaidi. Alitoka mchana kwenda kufuata mbao, na saidia fundi mmoja akaongeza maji kwenye mchanganyiko ili usambae kwa urahisi. Zege likawa uji. Mfuko mmoja hautakiwi kuzidi sana lita 25 za maji, na pale ndoo ilikuwa inamiminwa bila kipimo. Kipande kile kimoja baadaye kilitoa vumbi kila ukikikwaruza kwa sarafu. Fundi alirudi, akakivunja na kukimwaga upya bila kudai ufundi, lakini saruji ya kurudia nilinunua mimi, na bado naona haikuwa haki. Ukimwajiri, mwandikishe kwamba hakuna zege linalochanganywa yeye akiwa hayupo.

Kumwagilia ilikuwa kazi yetu. Saruji inakomaa kwa maji, haikomai kwa jua, kwa hiyo tulifunika njia kwa magunia na kuyalowesha asubuhi na jioni kwa siku 7. Maji yalikatika katikati, tukaagiza boza. Nashauri uhesabu gharama hiyo tangu mwanzo. Baba alianza kupita baada ya wiki, lakini gari tulilizuia nje mpaka siku 28 zilipotimia, muda ambao nguvu ya zege hupimwa.

Mvua ya vuli ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nilipita na mwavuli kutoka getini hadi barazani nikitafuta dimbwi. Kulikuwa na kijidimbwi kimoja kwenye kona ya tangi, kina kama cha kifuniko cha soda, kikakauka kabla ya saa nne. Maji mengine yote yalikuwa yameelekea bustanini. Nikamtumia fundi shilingi 70,000 zake kwa simu siku hiyo hiyo.

Nitamwita tena kwa ajili ya sehemu ya kufulia nyuma ya nyumba. Kabla ya hapo tunasubiri mchomeleaji aweke bomba la kushikia pande zote mbili za mteremko. Mashimo ya nguzo zake fundi alishayaacha tayari kwenye zege, na vipimo vyake kaviandika nyuma ya ile karatasi ya makubaliano.