Gari dogo lililotumika: nayapanga kwa kona, uimara na ulaji wa mafuta

Anayetafuta gari dogo lililotumika huambiwa achague moja: ama linaloendesheka vizuri, ama lisilosumbua, ama lisilokula mafuta. Sikubaliani na ushauri huo. Sifa zote tatu hukaa pamoja kwenye gari jepesi lenye giaboksi isiyo na makuu. Uzito ukipungua, injini ndogo inatosha, breki hazichemki upesi, tairi linashika kona bila kulia, na petroli inakaa kwenye tangi. Kwa hiyo nikipanga magari haya naanza na mizani na giaboksi. Skrini na rimu zinafuata baadaye sana.

Magari saba ninayoyapanga yana mpango uleule chini yake: magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na nyuma kuna boriti moja inayoyaunganisha magurudumu mawili. Kinachoyatofautisha kwenye kona ni kilo zake, ugumu wa bodi, na jinsi shokapu na usukani vilivyorekebishwa kiwandani.

1. Mazda2 (Demio), toleo la 2014 na kuendelea, ya petroli

Hili ndilo ningemwambia mtu alinunue bila kunung'unika. Toleo lililotangulia, la 2007, lilipunguzwa takriban kilo 100 wakati magari mengi ya daraja lake yalikuwa yakinenepa, na likachaguliwa Gari la Mwaka la Dunia la 2008. Toleo la 2014 halikuupoteza wepesi huo, likaongezewa vitu viwili ambavyo dereva anavisikia mwilini. Cha kwanza ni kiti na pedali: pedali ya mafuta imefungwa sakafuni, na miguu inanyooka mbele ya mwili badala ya kupinda pembeni. Cha pili ni giaboksi. Wakati wapinzani wake wengi walikimbilia CVT, yaani otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua, Mazda walibaki na otomatiki ya kawaida ya gia sita, lakini wakaifanya klachi yake ya ndani ijifunge mapema, gari likiwa limeanza tu kutembea. Ukikanyaga mafuta, mwendo unakuja papo hapo. Injini haipigi kelele huku gari likijivuta.

Magari yaliyotoka mwishoni mwa 2016 na kuendelea yana kitu kingine cha kuvutia. Ukianza kukata usukani, kompyuta inapunguza nguvu ya injini kidogo sana, kiasi ambacho mguu hauwezi kukihisi. Uzito unaegemea mbele, matairi ya mbele yanabanwa chini, na gari linaingia kwenye kona bila wewe kurekebisha usukani mara mbili mbili. Kwenye safari ndefu yenye kona nyingi, mabega yanakushukuru.

Udhaifu wake haufichiki: abiria wa nyuma wanabanana, na buti ni dogo. Petroli inanyunyiziwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na mafuta na zinaweza kukusanya masizi kadiri kilomita zinavyopanda. Oili nzuri inayobadilishwa kwa wakati inasaidia. Ila toleo la dizeli ya lita 1.5 liache kama safari zako ni fupi fupi za mjini. Injini hiyo inajulikana kwa kuziba masizi kwenye njia ya hewa, na chujio lake la moshi linahitaji safari ndefu lipate joto la kujisafisha.

2. Suzuki Swift, 2017 na kuendelea

Kwa furaha tupu ya kuendesha, Swift lingekuwa la kwanza. Toleo jepesi kabisa la 2017 lilikuwa na kilo 840. Soma tena namba hiyo, halafu fikiria magari unayoyaona barabarani leo. Hata Swift Sport, lenye injini ya 1.4 ya turbo, lina kilo 970 tu. Gari la uzito huu halihitaji nguvu nyingi. Linahitaji dereva asiyelikatisha mwendo ovyo, maana kasi uliyoingia nayo kwenye kona unatoka nayo.

Injini ya kawaida ya 1.2, ile iitwayo Dualjet, ndiyo ninayoipenda. Kila silinda ina nozeli mbili, na mafuta yananyunyizwa nyuma ya vali, kwa hiyo vali zinabaki safi. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Chukua ya gia za mkono kama unaipata. Ulaji wa mafuta ni mdogo kiasi kwamba tangi la lita 37 halionekani dogo, na kwa mwendo wa utulivu barabara kuu kilomita 20 kwa lita si ndoto.

Nimelishusha hadi nafasi ya pili kwa sababu wepesi una gharama yake. Milango ni myembamba, kelele za upepo na matairi zinaingia ndani, na kwenye barabara kuu yenye malori utachoka mapema kuliko mwenye Mazda. Anayeendesha mjini na wikendi tu anaweza kubadilisha nafasi hizi mbili bila kunishawishi sana.

3. Toyota Yaris (Vitz)

Hapa lazima tutenganishe matoleo. Ya kabla ya 2020 ni magari ya kuaminika sana yenye usukani usiosema chochote. Injini ya 1NZ, ya 1.5, ina cheni, haina siri, na fundi yeyote mzoefu ameshaifungua. Ile ya lita moja yenye silinda tatu inatetemeka ikiwa imesimama na inaomba kusamehewa mlimani, ingawa uimara wake hauna shaka.

Yaris la 2020 ni gari jingine kabisa. Bodi ni ngumu zaidi, kitovu cha uzito kimeshuka, na likawa Gari la Mwaka la Ulaya la 2021. Toleo la haibridi, linalotumia petroli na umeme pamoja, ndilo bingwa wa mafuta katika orodha hii yote: mjini, kwenye foleni, linapita kilomita 20 kwa lita bila kujitahidi. Watu wengi huogopa haibridi wakidhani ni mtambo mgumu. Ukweli ni kwamba giaboksi ya haibridi ya Toyota haina mkanda wa kuteleza wala klachi ya kuisha. Ni seti ya gia zinazozunguka pamoja muda wote, na mota mbili za umeme. Kitu kinachosahaulika ni chujio dogo la feni ya kupoozea betri, karibu na kiti cha nyuma. Likijaa vumbi na nywele za mbwa, betri inachemka na kuzeeka kabla ya wakati. Kulisafisha ni kazi ya dakika chache.

Haibridi la 2020 likiwa ndani ya uwezo wako, lipandishe hadi nafasi ya kwanza ikiwa muda wako mwingi unaishia kwenye foleni.

4. Honda Fit (Jazz)

Hakuna gari dogo lenye akili ya nafasi kama hili. Tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, kwa hiyo kiti cha nyuma kinakunjwa juu na unaweza kusimamisha baiskeli au mche mrefu wa mti. Kwenye kona limetulia, ingawa halichangamki.

Lakini chunga giaboksi. Toleo la kwanza lenye CVT linajulikana kwa kutetemeka wakati wa kuondoka, hasa pale oili ya giaboksi ilipopuuzwa au ilipowekwa isiyo yake. Baadhi ya injini zake zina plagi mbili kwa kila silinda, yaani nane kwa jumla. Anayekuuzia akisema amebadilisha plagi, uliza ngapi. Haibridi ya 2013, yenye giaboksi ya klachi mbili, iliitwa kiwandani kurekebishwa mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na mimi ningeiruka. Haibridi ya 2020 imeachana na mfumo huo na inafaa kutazamwa.

5. Ford Fiesta

Nimeumia kuliweka hapa. Kuanzia toleo la 2008, usukani wake ndio bora kuliko yote saba: unahisi tairi linapoanza kuchoka kabla halijateleza. Uzalishaji ulisimama mwaka 2023, na pengo lake halijazibwa. Nunua la gia za mkono lenye injini ya kawaida ya 1.25 au 1.4, uhakikishe mkanda wa taimingi umebadilishwa. Otomatiki yenye klachi mbili kavu, PowerShift, usiiguse. Matatizo yake yalifika hadi mahakamani Marekani. Injini ya 1.0 EcoBoost ni tamu na ina tuzo nyingi, lakini mkanda wake unazunguka ndani ya oili. Ukichanika, vipande vinaziba njia ya oili na injini inakufa.

6 na 7. Volkswagen Polo na Nissan Note

Polo limetulia kwa kasi kubwa kuliko yote, na ndani linaonekana gari la bei ya juu zaidi. Ila DSG, otomatiki yake ya klachi mbili, ile ya gia saba yenye klachi kavu, na cheni ya injini ya 1.2 TSI ya zamani vimewatoa watu pesa nyingi. La gia za mkono, sawa.

Note la kawaida lina nafasi na halili mafuta mengi, lakini CVT yake haipendi kusukumwa, na kuliendesha hakuna raha. Lenye e-Power ni bora zaidi: injini inazalisha umeme tu, mota ndiyo inayoendesha magurudumu. Mjini linavutia, kwenye mwendo mrefu wa kasi akiba ya mafuta inapungua.

Kabla hujatoa pesa

Namba za mafuta za magari ya Japani ya kipimo cha JC08, na za Ulaya za NEDC, zilipimwa maabara kwa upole usiopatikana barabarani. Za WLTP, kipimo kipya zaidi, ziko karibu na ukweli zaidi. Usilinganishe gari la kipimo kimoja na la kipimo kingine.

Omba kulikuta gari likiwa baridi, boneti likiwa halijapata joto. Liwashe mwenyewe, sikiliza cheni sekunde za mwanzo, kisha kata usukani hadi mwisho na uzunguke taratibu: mlio wa tak-tak-tak unatoka kwenye jointi za ekseli. Tazama matairi manne. Yakiwa ya kampuni nne tofauti, hukumu yako juu ya kona isubiri, kwa sababu hata Mazda nililolisifu hapo juu linageuka gari la kuyumba likivalishwa matairi magumu yaliyozeeka. Mwisho, kama ni CVT, dai rekodi ya oili ya giaboksi. Isipokuwepo, hesabu gharama ya kuibadilisha kwenye bei, na kama gari limeshaanza kutetemeka likiondoka, tafuta jingine.