TAHADHARI WALEZI WENZANGU: anayepita akipima watoto viti vya magurudumu ni mwizi

Walezi wenzangu, nimekaa na jambo hili kifuani siku sita. Nilitaka kulimeza liishe. Lakini jana dadangu kanipigia simu kutoka Kikambala, kaniambia kuna kijana ameonekana huko na faili kubwa, anaulizia nyumba zenye watoto walemavu. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimemsaidia mara ya pili. Mara ya kwanza nilimsaidia kwa miguu yangu mwenyewe, na hilo nitalieleza ingawa uso unaniwaka ninapoandika.

Ilikuwa Jumanne, saa nne za asubuhi hivi. Nimeshamlisha mwanangu uji, nimemkalisha kibarazani kwenye kile kiti chake cha plastiki, nimemfunga leso kifuani asiteleze. Hali yake ya ulemavu mnaijua, sitaanza upya. Ana miaka 13 sasa, kilo zimepita 35, na mgongo wangu mnaujua pia.

Nikasikia hodi. Kijana nadhifu, shati jeupe la mikono mirefu, juu kavaa kile kizibao cha rangi ya chungwa kama cha watu wa barabara, beji shingoni, faili la buluu kwapani. "Shikamoo mama." Nikaitikia. Akasema anatoka Inua Jamii, ule mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa pesa wasiojiweza, upande wa watu wenye ulemavu mkubwa. Akafungua faili, akasoma jina la mwanangu. Majina yote matatu, na la babu yake bila kukosea.

Hapo ndipo aliponishika. Mnakumbuka tulivyopeleka majina kwa chifu, mkajua wenzetu waliingia na sisi hatukuingia. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu mwanangu anayo, hospitali alipimwa, lakini ile 2,000 ya kila mwezi hatujawahi kuiona. Sasa anakuja mtu, jina la mwanao limo kwenye faili lake, anakwambia "Mama, jina limeonekana, limekwama tu." Ungefanya nini? Mtu anayesubiri kwa muda huo wote hasikii neno "tapeli". Anasikia "limeonekana".

Halafu alijua mambo. Hakubabaika. Alisema pesa za ulemavu mkubwa hupokelewa na mlezi kwa niaba ya mtoto, ni kweli. Alisema mpango huo ni wa yule anayehitaji mtu wa kumwangalia usiku na mchana, si kila mwenye ulemavu, ni kweli. Alisema kuna wakati hulipwa miezi miwili pamoja, 4,000, ni kweli, jirani yangu anayelea wajukuu ameshapokea hivyo. Alisema malipo yanahamishwa kutoka benki kwenda kwenye simu, na hilo sote tulilisikia redioni. Kweli tisa na uongo mmoja, na ule mmoja ukapita katikati ya zile tisa nisiuone.

Kisha akasema kwa walio kwenye orodha kuna pia viti vya magurudumu, vimeshafika, vinasubiri vipimo tu. Akapiga magoti. Kwenye sakafu ya kibaraza, suruali yake nyeusi kwenye vumbi, akamwangalia mwanangu machoni na kumwambia, "Habari yako bwana mdogo, nipe mguu nikupime." Akatoa futi ya fundi cherehani kutoka mfukoni, ya njano, imechanika kidogo mwishoni. Akapima kutoka nyonga hadi goti. Akapima goti hadi kisigino, na kwa kuwa mguu wa kushoto haunyooki, akaukunjua polepole kwa mikono miwili, taratibu kuliko hata mimi, akasubiri ulegee, akapima. Akapima upana wa mgongo. Kila namba aliitamka kwa sauti akaiandika kwenye fomu yenye karatasi tatu, nyeupe, njano na waridi, na karatasi nyeusi ya kunakilia katikati. 41. 38. 33. Nazikumbuka zote.

Na mwanangu akacheka. Kicheko chake kile cha kutupa kichwa nyuma, mliokuja nyumbani mnakijua. Watu hawapigi magoti kwa ajili yake. Humpita wakaniuliza mimi, "Anaelewa?" Huyu alimsemesha yeye. Ndiyo sababu nilimwamini, naandika wazi ili mwenye kutaka kuuliza "Lakini ulishindwaje kuona?" asijisumbue. Sikuona kwa sababu nilikuwa namwangalia mwanangu.

Pesa akazitaja mwishoni, akishafunga faili, kama mtu aliyesahau kitu kidogo. 4,500. Alizigawa: 2,500 ya kutoa kiti bandarini, 2,000 ya kufungua faili upya ili jina liache kukwama. Akasema malipo ya kwanza tu yakiingia nimeshazirudisha karibu zote. Nikamwambia sina. Hakunisukuma. Alisema, "Sawa mama, viti vya upande huu ni 12, nitaandika kwamba hukuwa tayari." Akachukua kalamu kweli, akaanza kuandika.

Nikamzuia mkono.

Zilikuwa pesa za nepi na dawa ya kifafa ya mwezi huu, nilizitenga kwenye kopo. Nilikwenda kwa wakala nikaziweka kwenye simu, nikatuma. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Nikamuuliza. Akasema huyo ni mhasibu wao, kwamba namba ya ofisi ina hitilafu tangu asubuhi. Nikabonyeza. Akapiga picha kitambulisho changu na kadi ya mwanangu, mbele na nyuma, nikaweka dole gumba kwenye fomu, akaniachia nakala ya waridi. Akaniomba nisitangaze kwanza, eti majirani wasiostahili watajazana.

Sasa sehemu inayoniuma. Aliniuliza kama namjua mlezi mwingine mwenye shida kama yangu. Nikafunga mlango, nikamwachia mtoto wa jirani amwangalie mwanangu, nikamsindikiza mwenyewe. Nyumba mbili. Ya kwanza mama alikuwa na pesa akatoa. Ya pili ni ya yule bibi anayemlea mjukuu asiyeona wala kusikia. Bibi alisita. Alinigeukia mimi, si yeye, akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtu wamjua?" Nikamwambia, "Bibi, ni watu wa serikali, na mimi nimeshalipa." Bibi akaenda kukopa dukani. Hizo 4,500 za bibi hazikuibiwa na yule kijana peke yake, zilipita mikononi mwangu.

Viti vilikuwa viletwe Ijumaa, uwanja wa karibu na msikiti, saa mbili asubuhi. Nilimwogesha mwanangu, nikamvisha kanzu ya Idi. Tukamshika mimi na dadangu, yeye miguu mimi kwapa, hadi uwanjani. Mama yule alikuwapo, na bibi na mjukuu. Saa mbili, saa tatu, saa tano. Nikapiga simu akapokea, sauti ile ile ya heshima: lori limezuiwa kwenye mizani ya Mariakani, limezidi uzito, kila familia iongeze 1,200 liachiliwe. Nikatuma. Ndiyo, nikatuma tena. Nilikuwa nimesimama juani na mtoto mwenye kanzu, na mbele yangu bibi niliyemponza, na nikaona nikikataa nitakuwa mimi niliyezuia lori. Bibi hakuwa na zaidi, nashukuru Mungu. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani. Saa kumi jioni tukambeba mwanangu kumrudisha nyumbani.

Ile ya 1,200 nilipeleka ujumbe kwa 456 ya Safaricom kuomba irudishwe, nikakuta imeshatolewa. Namba yake nimeiripoti kwa 333, hiyo hiyo Safaricom. Kituo cha polisi nimekwenda, nimepata namba ya OB, kile kitabu chao cha kuandikia matukio.

Jumatatu nikaenda kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Sikumaliza hata kueleza. Aliniuliza, "Alikuomba pesa?" Nikasema ndiyo. "Basi si wetu." Akanieleza, na nawaandikia kama nilivyosikia: kuandikishwa Inua Jamii hakulipiwi, hakuna ada ya faili, hakuna ada ya kukwamua jina. Vifaa vya kujimudu, viti, mikongojo, kofia na mafuta ya wenye ualbino, huombwa kupitia Baraza na hutolewa bure. Anayetaka kujua jina la mtoto wake liko wapi apige 1533, simu ni ya bure, au aende ofisini mwenyewe. Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi. Nauli ya kwenda na kurudi haifiki hata 300, na majibu yote yalikuwa pale siku zote.

Huyo mtu nataka ashikwe. Mmoja wenu nilipomdokezea alisema akipatikana achomwe. La, asiguswe. Namtaka mzima, mahakamani, asomewe mashtaka mbele yetu. Nimeambiwa kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha kanuni za adhabu, kifungo hadi miaka mitatu. Miaka mitatu! Kwa mtu aliyeukunjua mguu wa mtoto wangu kwa mikono yake huku akijua hakuna kiti. Aliyemtoa bibi wa miaka ile kwenda kukopa. Kama sheria ina nafasi ya kuhesabu kila nyumba kosa lake, basi ihesabu nyumba kwa nyumba, tatu zangu ninazozijua na nyingine zote zilizonyamaza kwa aibu. Na huyo mwanamke mwenye laini naye asiachwe, awe mhasibu, awe mkewe, awe nani. Pesa ziliingia kwake akazitoa.

Mniulize dalili. Zilikuwapo, nazisema haraka kwa sababu nikizitazama najisikia vibaya. Alikuja peke yake, bila mzee wa mtaa wala mtu wa chifu, na huku kwetu hakuna kazi ya serikali inayoingia nyumba za watu bila mzee wa mtaa. Beji ilikuwa imegeuka nyuma karibu muda wote, sikuisoma, niliona nembo tu. Pesa kwa namba ya mtu binafsi. "Usitangaze." Na nakala ya waridi haina mhuri, haina jina la ofisi, ni namba za miguu ya mwanangu tu na dole gumba langu. Jina la mtoto kuwa kwenye faili si ushahidi wa chochote. Majina yetu yamezagaa, kwenye daftari za vikundi, kwenye nakala tunazotoa vibandani tukaziacha juu ya mashine.

Mrefu wa wastani, mweupe kiasi, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, anaongea Kiswahili safi cha Pwani na hakosi shikamoo. Futi ya njano. Aweza kuwa amebadilisha kizibao.

Mliompa picha ya kitambulisho kama mimi, msisomee mtu namba yoyote itakayoingia kwenye simu yako kwa ujumbe, hata akikwambia ni ya kuthibitisha malipo ya Inua Jamii. Jana usiku zimeniingia mbili ambazo sikuziomba. Nimezifuta, na namba ya siri nimebadilisha.

Bibi nimemwambia deni lake la dukani ni langu. Amekataa, amesema tutalilipa pamoja. Nimeanza na 500.

Alhamisi saa tatu asubuhi narudi kituoni kuandikisha maelezo. Polisi wamesema tukienda wengi kesi inasimama vizuri zaidi. Kama alipita kwako, hata kama hukuwaambia watu wa nyumbani kwako, njoo. Huna haja ya kunieleza kitu njiani. Leta nakala ya waridi na ule ujumbe wa kutuma pesa, usiufute. Mimi nitakuwa nje ya lango, chini ya mwarobaini, na mwanangu nitakuwa naye kwa sababu siku hiyo sina wa kumwachia.