Nilimpima Tomi vinasaba: uzoefu wangu kutoka Jambiani

Naandika haya kwa anayefikiria kuagiza kipimo cha vinasaba vya mbwa, vile vijiti vya pamba vya kupangusia shavu kwa ndani. Mie nimekitumia kwa Tomi, Labrador wa ulinzi kwenye nyumba yetu ya wageni hapa Jambiani. Tulimnunua Dar, akavuka na boti akiwa na miezi miwili, mnene, kachangamka.

Mwezi wa nne akaanza kusinyaa. Anakula, hanenepi. Akikimbia, miguu ya nyuma inaruka pamoja kama ya sungura, na hafiki mbali keshajilaza. Kipupwe kilipoingia, zile asubuhi za baridi ndiyo akazidi. Watu wakasema katiliwa sumu, na nasikitika kusema nikaanza kumtazama jirani yangu kwa jicho baya. Tukampa dawa ya minyoo mara mbili, tukamuogesha dawa ya kupe. Wapi!

Daktari wa mifugo alipomgonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu haukushtuka kabisa. Akasema kuna ugonjwa wa misuli wa kurithi unaowapata Labrador: viini vya seli vinakaa katikati ya nyuzi za misuli badala ya pembeni, na misuli inadhoofika tangu mbwa angali mdogo. Hitilafu ya jeni inayouleta ilitambuliwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2005, na hiyo ndiyo kipimo hiki kinaitafuta.

Pamoja na kutuma sampuli nje nililipa shilingi 230,000. Kupangusa ni dakika moja tu, mbwa awe hajatoka kula. Nilivaa glavu kwa sababu ya mate, na bado nikanawa mara saba, moja kwa udongo. Shughuli ilikuwa kukausha. Kwa unyevu wetu wa pwani vijiti vilishinda mbele ya feni tangu asubuhi hadi alasiri, na karatasi ya maelekezo haikugusia hilo hata kwa neno moja. Msivifunge vikiwa vibichi, vitaota ukungu. Na kama ni mtoto anayenyonya, mtengeni kwanza na mama yake, maana chembe za mama hubaki mdomoni zikachafua majibu.

Majibu yalikuja wiki ya tano: ukurasa mmoja, umeandikwa kwamba ana nakala mbili za jeni yenye hitilafu. Basi. Hakuna maelezo, hakuna la kufanya. Kwa pesa ile hili limeniudhi, na ndilo lililowapunguzia nyota moja. Nawapa 4 kati ya 5. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba nakala moja katoka kwa baba, moja kwa mama, na kwamba dawa ya kuponya haipo. Kwa kawaida ugonjwa hutulia mbwa akikaribia mwaka, na wengi huishi nao miaka. Tomi sasa hatembezwi kwa nguvu, na baridi ikija analala jikoni ya nje. Jirani nilimwendea nikamwomba radhi.

Kisha nikampigia aliyetuuzia. "Dada, mbwa wangu wazima wote," akasema. Ni kweli, wazima. Mwenye nakala moja haumwi, anabeba tu. Ila wabebaji wawili wakipandana, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua kama Tomi, na mbili kati ya nne za kuwa mbebaji. Mbebaji akipandishwa na mzima asiyebeba, hazaliwi mgonjwa hata mmoja. Nilimweleza hivi zaidi ya mara tatu, mara ya mwisho kwa kulia.

Wiki iliyopita kanitumia majibu ya jike na dume lake: wabebaji wote wawili. Ana watoto watano wa uzao mpya, na kaniambia hauzi hata mmoja mpaka wapimwe.